Unahama miwani kwenda lenzi za machoni? Soma hii kabla hujaweka ya kwanza

Kosa ambalo karibu kila mtu anataka kuanza nalo, na mimi nilitaka kuanza nalo, ni kuchukua ile karatasi ya namba ya miwani na kwenda kuagizia lenzi. Usifanye hivyo jamani. Namba ya miwani sio namba ya lenzi. Miwani inakaa kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe, na hiyo nafasi ndogo inabadilisha hesabu, hasa namba ikifika 4 na kuendelea. Miwani yangu mimi ilikuwa -5.00 macho yote mawili, lenzi nikapewa -4.75. Mwenye -2.00 atabaki na -2.00 yake, ila hata yeye bado kuna vitu viwili hajapimwa ambavyo miwani haina habari navyo: mbinuko wa konea, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, na upana wa lenzi inayomfaa. Ukishika boksi la lenzi utaona BC 8.4 au 8.6 au nyingine, hiyo ndo mbinuko, alafu utaona DIA 14.0 au 14.2, huo ndo upana kwa milimita. Lenzi ikibana, machozi hayapiti vizuri chini yake na jicho linachoka, ikilegea inatembea kila ukipepesa na kuona kunakuja kunapotea.

Kwa hiyo anza kwa mtaalamu wa macho anayepima lenzi, na uliza kabisa kabla hujapanda daladala maana sio kila duka la miwani wanafanya hiyo kazi. Atakuwekea kidevu kwenye ile mashine, atapima mbinuko, ataangalia kama machozi yako yanatosha, atakugeuza kope aangalie kama kuna vipele vya aleji. Mwambie ukweli wote. Kama macho yanawasha kila msimu wa vumbi sema, kama una sukari sema, kama unakunywa vidonge vya mafua na aleji mara kwa mara sema pia kwa sababu vile vidonge vinakausha macho. Na kama umeshavuka miaka 40 uliza hili swali: nikivaa lenzi nitasomaje simu? Maana mtu wa namba za kutoa, yaani zenye alama ya kutoa kama -2.00, asiyeona mbali, amezoea kuvua miwani akitaka kusoma maandishi madogo, na lenzi huwezi kuivua kila meseji ikiingia. Wengi wa umri huo wanaishia kuvaa lenzi ya mbali na miwani ya kusomea juu yake, bora ulijue mapema.

Baada ya hapo atakuwekea lenzi ya majaribio, mtakaa dakika kama 15 hadi 20 itulie, alafu ataangalia tena kwenye mashine inavyokaa na inavyosogea. Usikubali kuondoka hujaweka na kutoa mwenyewe mbele yake. Hata kama foleni ni ndefu, hata kama wanakutazama, kaa hapo hapo mpaka uweze.

Kuhusu aina, nitasema haraka. Kuna ngumu na kuna laini, ngumu mara nyingi ni za watu wenye konea iliyochongoka au namba ngumu za astigmatizimu (konea isiyo na mbinuko sawa pande zote), wewe unayeanza uwezekano mkubwa utapewa laini. Laini ziko za siku moja unavaa unatupa, za wiki mbili, na za mwezi. Za mwezi maana yake siku 30 tangu ulipofungua kile kifuko, sio mara 30 za kuvaa! Ukifungua tarehe 1 ukaivaa mara nne tu, mwezi ukiisha inatupwa. Maoni yangu mimi, kama mfuko unaruhusu anza na za siku moja, na usivae kila siku. Ukivaa siku tatu kwa wiki unatumia lenzi 24 kwa wiki nne, huhitaji solushen (dawa ya maji ya kusafishia lenzi) wala kikebe cha kuzihifadhia wala kukumbuka tarehe, na njia nyingi za kuchafua lenzi unakuwa umezifunga. Za mwezi zinaonekana rahisi mpaka ujumlishe solushen na vikebe, fanya hiyo hesabu kwanza dukani ndo uamue.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo limenifanya niandike. Maji.

Lenzi laini ni plastiki inayokunywa maji. Ndo ilivyo tangu mwanzo, Otto Wichterle, mkemia wa Czechoslovakia, alizitengeneza nyumbani kwake Krismasi ya mwaka 1961 kwa mashine aliyoiunga kwa vyuma vya kuchezea watoto na dainamo ya baiskeli, na siri yake ilikuwa ni hiyo hiyo, plastiki inayolainika kwa kunywa maji. Sasa kitu kinachokunywa maji kinakunywa na kilichomo ndani ya maji. Maji ya bomba, ya kisima, ya simtanki, ya mvua, hata ya kunywa ya chupa, hayana usafi unaotakiwa kwa lenzi. Kuna kiumbe kidogo sana kinaitwa Acanthamoeba, kinaishi kwenye maji na udongo, kinapenda matanki, na kikiingia chini ya lenzi kinaanza kula konea. Matibabu yake ni ya miezi, maumivu yake ni makali, na wapo waliopoteza kuona. Tena maji ya kawaida yasiyo na chumvi yanafanya lenzi ivimbe na kung'ang'ania jicho.

Mimi mwezi wa pili nilidondosha lenzi kwenye sinki nikaisuuza bombani, nikaweka, nikaenda kazini kwa sababu nilikuwa nimechelewa. Kesho yake asubuhi jicho la kushoto lilikuwa jekundu na mwanga wa dirishani ulikuwa unanichoma. Nilibahatika, ilikuwa bakteria na tuliwahi, wiki mbili za matone kila saa mwanzoni, usiku na mchana, na miezi mitatu bila lenzi. Nililia sana wiki ile, na sio kwa maumivu, kwa kuwaza tu kwamba ningeweza kulipoteza jicho kwa sababu ya sekunde tano za bomba. Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwangu sasa hivi: maji yakiwa yanatoka, lenzi haipo karibu. Kuoga kwanza, lenzi baadaye. Jioni lenzi kwanza zinatoka, kuoga baadaye. Kulowesha lenzi kwa mate ndo kabisa usithubutu, mdomo una bakteria kibao.

Kwa wenzangu tunaotawadha, udhu wa alfajiri hauna shida kwa sababu lenzi bado ziko kwenye boksi. Adhuhuri na alasiri ukiwa kazini funga macho vizuri wakati wa kuosha uso, na ufute maji kwenye kope kabla ya kufungua. Mimi nafanya hivyo na natembea na kitambaa changu cha pamba kwenye mkoba kwa kazi hiyo tu. Baharini, Kigamboni au Coco au popote, na mabwawa ya hoteli, vua. Ukishindwa kuogelea bila kuona, vaa za siku moja na juu yake miwani ya kuogelea inayobana, ukitoka tu zinatupwa.

Haya, kuweka. Kata kucha, hasa ya kidole cha shahada na gumba. Osha mikono kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta wala marashi mengi, suuza mpaka utelezi uishe, alafu kausha. Hapa watu wengi wanakwama bila kujua: kidole kikiwa na maji lenzi inang'ang'ania kidole badala ya kwenda kwenye jicho, na utahangaika nusu saa ukidhani macho yako ni madogo. Kidole kikavu, lenzi mbichi. Na taulo jipya linaacha nyuzi, tumia kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Usisimame kwenye sinki, kaa mezani, tandika kitambaa cheupe safi, laza kioo mbele yako ukiangalie kwa chini. Anza na jicho la kulia kila siku, hata kama namba zinafanana, ili siku zikija kutofautiana usichanganye.

Fungua kifuko, weka lenzi kwenye ncha ya kidole cha shahada na uinue usawa wa macho uitazame kwa ubavu. Ikiwa imekaa kama kikombe cha kahawa, kingo zinaenda juu moja kwa moja, iko sawa. Ikiwa kingo zimefunguka nje kama kisosi imegeuka, ibinue. Ukiivaa imegeuka haikuumizi sana ila inasumbua kama kuna mchanga na inateleza. Angalia pia kama haijachanika, kapasuko kadogo tu kanatosha kukwaruza jicho, na iliyochanika haina matengenezo.

Kidole cha kati cha mkono huo huo kivute kope la chini. Mkono mwingine upitie juu ya kichwa au paji la uso ushike kope la juu pale pale kwenye mizizi ya nywele zake, usishike juu karibu na nyusi maana ukishika juu kope linateleza na jicho linapepesa tu. Hii nasisitiza kwa sababu kupepesa sio woga wako, ni mwili unalinda jicho, na hauwezi kuushinda kwa moyo mkuu, unaushinda kwa kushika kope lote vizuri. Fungua macho yote mawili, lile lingine nalo liwe wazi, tazama mbele kwenye kioo au juu kidogo, leta kidole taratibu mpaka lenzi iguse. Usisukume. Ikigusa maji ya jicho itavutwa yenyewe. Tazama chini, achia kope la chini, alafu la juu polepole, funga macho sekunde chache. Ikiwa ni kavu au inachoma toa, isuuze na solushen, jaribu tena, usivumilie kwamba itazoea. Lenzi iliyokaa vizuri unaisahau baada ya dakika chache.

Siku yangu ya kwanza nilitumia dakika 40 kwa jicho moja. Wiki ya pili dakika mbili kwa yote. Ukiona jicho limekuwa jekundu kwa kujaribu, acha, vaa miwani yako, rudi kesho. Na ile hofu kwamba lenzi itapotea nyuma ya jicho, ondoa kabisa, haiwezi, kuna utando unaounganisha kope na jicho pande zote kama mfuko ulioshonwa, mwisho wa safari yake ni kujikunja chini ya kope la juu. Ikijificha weka matone ya kulainisha yanayoruhusiwa kwa lenzi, funga jicho, sugua kope taratibu ukitazama chini, itarudi.

Kutoa ndo kulinisumbua zaidi na sikuambiwa na mtu. Osha na ukaushe mikono tena. Hakikisha lenzi ipo, funika jicho lingine uone kama unaona mbali, kwa sababu kuna mtu atachuna jicho tupu akidhani lenzi imegoma. Tazama juu, vuta kope la chini, gusa lenzi kwa kidole cha shahada uishushe kwenye weupe wa jicho, alafu ibane kwa nyama za gumba na shahada, sio kucha. Itajikunja na kutoka. Kama imekauka haisogei usiilazimishe hata kidogo, weka matone mawili matatu, subiri dakika kadhaa, pepesa, itaanza kuteleza.

Ratiba ya mwanzo fuata aliyekupima, mimi niliambiwa nivae kwa muda wa saa 4 siku ya kwanza kisha naongeza saa moja au mbili kila siku. Usianze siku ya harusi ya mtu au siku ya intavyuu, anza wikendi ukiwa nyumbani. Na usilale nazo. Konea haina mishipa ya damu, inapata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi, ukifumba jicho lenye lenzi usiku mzima unaifungia milango miwili. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, wanasema kulala na lenzi kunaongeza hatari ya maambukizi mara 6 hadi 8. Hata kale kausingizi ka kwenye mwendokasi Kimara mpaka Posta, jizuie. Ndo maana kwenye mkoba wangu kuna miwani yangu ya zamani, kikebe na kachupa kadogo ka solushen, siku foleni ikinikuta au umeme umekatika nimekwama kwa ndugu, natoa navaa miwani.

Wa lenzi za wiki mbili na mwezi, usafi uko hivi. Lenzi kwenye kiganja, matone ya solushen, isugue kwa kidole taratibu kama sekunde 20 pande zote, hata kama chupa imeandikwa haihitaji kusugua, isugue tu. Isuuze kwa solushen, iweke kwenye kikebe chenye solushen mpya. Ya jana mwaga yote, usiongezee juu yake, ile ya jana imeshachoka kuua wadudu. Asubuhi ukivaa, mwaga, suuza kikebe kwa solushen, kifute kwa tishu safi, kiache wazi kimeinama kikauke, tena sio bafuni karibu na choo. Badilisha kikebe kila baada ya miezi 3, kabla ya hapo ni bora zaidi. Na soma chupa vizuri: iliyoandikwa saline ni maji ya chumvi ya kusuuzia tu, haiui kitu. Ile ya peroksaidi ni nzuri sana ila ina kikebe chake maalumu na inahitaji saa 6 kutulia, ukiiweka jichoni mbichi utaungua, usiichanganye na zile za kawaida.

Jikoni kuna habari njema na mbaya. Njema, ukikata vitunguu na lenzi machozi yanapungua, lenzi inakinga. Mbaya ni pilipili. Ukikata pilipili mbuzi mchana, ukaosha mikono mara moja ukidhani imetosha, usiku ukaenda kutoa lenzi, utajuta. Mimi pilipili nakata nimevaa glavu au namwachia mtu mwingine. Kwenye jiko la mkaa lenzi haiyeyuki wala haigandi kwenye jicho, hayo ni maneno tu ya mtaani, ila moshi na joto vinakausha, kama feni na AC. Kwenye bodaboda shusha kioo cha helmeti. Na sasa unaweza kununua miwani ya jua yoyote unayoipenda, miaka kumi na nane nilikuwa naitazama tu ya wenzangu! Wapaka wanja, lenzi kwanza vipodozi baadaye, na jioni lenzi zitoke kabla hujafuta.

Kuhusu lenzi za rangi zinazouzwa saluni na mitandaoni, hapa nina hasira kidogo. Zinauzwa saizi moja kwa macho ya kila mtu, bila kupimwa, mabinti wanaazimana kwenye send-off. Hata kama haina namba, inakaa kwenye konea ile ile. Marekani tangu 2005 sheria inazihesabu kifaa tiba hata kama ni za urembo tu. Ukizitaka kapimwe kama wengine, na usimpe mtu za kwako, hata dada yako wa damu.

Jicho likiuma, likiwa jekundu, likiogopa mwanga, likitoa tongotongo au kuona kukififia, toa lenzi na usiirudishe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dar kuna CCBRT Msasani na Muhimbili, Moshi kuna KCMC, Nairobi kuna Lions SightFirst kule Loresho. Nenda na lenzi na kikebe chako, usitupe, wanaweza kupima kilichomo. Usinunue matone famasi kwa kubahatisha, hasa yenye dexamethasone (dawa ya jamii ya steroidi), yanatuliza wekundu huku ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Na maziwa ya mama, chai ya rangi, maji ya sukari, yote hayo hapana.

Baada ya wiki moja au mbili utaitwa ukaangaliwe tena. Usiende umevaa miwani na lenzi ziko mkononi, nenda umezivaa angalau saa mbili tatu, ili waone jicho linavyokuwa likiwa kazini, na waambie wakugeuze kope tena.